Namba Iliyosomwa Illasit

Siku zile mtandao uliingia Kitengela kwa waya wa simu. Nilikuwa na chumba cha kupiga chapa, kompyuta moja, na laini moja iliyofanya kazi mbili. Ukiwa kwenye mtandao, anayekupigia anaambiwa laini inatumika. Ukitaka kupiga simu, lazima kwanza utoke kwenye mtandao. Wateja walizoea, wakakaa kwenye benchi kungoja zamu huku modemu ikilia.

Mmoja wao alikuwa mjane aliyeshona nguo kibanda cha tatu kutoka kwangu. Alikuja kila wiki kumwandikia barua pepe wakili wa Nairobi aliyesaidia wajane. Siku ya kwanza, kabla hajakaa, aliniuliza kama barua ile ingeonyesha namba ya simu yangu. Nilimweleza nilivyojua: modemu humpigia mwenye mtandao huko Nairobi, naye huiona namba yetu, lakini barua yenyewe haiibebi. Aliniuliza tena kwa njia nyingine. Nilipomjibu vilevile, akavuta kiti.

Sababu alinieleza baadaye, akimpima mwanangu sare ya shule. Mumewe alipofariki, shemeji yake alipata mnunuzi wa shamba lao la nyanya huko Illasit, akaanza kuja na makaratasi ya kutia kidole. Alikuja asubuhi, akaja jioni, akaja na wazee. Hakumpiga wala kumtukana. Alikuja tu, mpaka mama yule akaona siku moja atatia kidole ili apumzike. Akachukua watoto wake wawili, akaondoka.

Jumamosi moja aliomba kumpigia mama yake. Mama hakuwa na simu. Alipigiwa kwenye duka la jirani huko Illasit, Mwislamu kutoka kaskazini aliyepokea simu za mtaa mzima. Nilitoka kwenye mtandao, nikampisha. Waliongea dakika chache, akalia kidogo, akarudi kwenye cherehani. Hakuna kati yetu aliyejua kwamba simu mpya ya lile duka ilikuwa na kioo kidogo kinachoandika namba ya anayepiga.

Jumatatu simu yangu ililia. Mwanamume mwenye sauti ya upole alisema ameikuta namba hii dukani, angependa kujua ni ya wapi. Nikamwambia ni Kitengela, nyuma ya soko la mbuzi, tunapiga chapa. Nilidhani ni mteja. Akauliza kama kuna mama mshonaji anayekuja hapo, yuko na watoto wawili. Nikasema ndiyo, hata kibanda chake nakiona kutoka hapa. Akanishukuru sana, akakata. Mkono wangu ukiwa bado juu ya simu, nikaelewa nilichofanya.

Nilimkuta akitia uzi kwenye sindano. Nilimweleza yote, hata la kibanda. Hakuinua sauti.

"Dada, mimi nilikuuliza juu ya kompyuta," akasema. "Simu sikufikiria kuuliza."

"Mimi ndiye niliyepaswa kufikiria."

"Ulimwambia mahali nalala?"

"Hapana. Hata mimi sipajui."

Akatikisa kichwa, akaendelea na sindano, lakini uzi ulikataa kuingia.

Kwa aibu niliyokuwa nayo, niliiacha kompyuta kwenye mtandao mchana kutwa, siku tatu, ili yule bwana akipiga tena akute laini inatumika. Alhamisi asubuhi nikaenda Kajiado kwenye ofisi ya simu. Mama wa dirishani alisema namba inaweza kufichwa nikiomba kwa fomu, ingawa huenda mwenye mtandao akakataa kupokea simu isiyoonyesha namba. Nikamuuliza kuhusu ile iliyokwisha kuonekana. Akaniangalia kwa huruma. Iliyosomwa imesomwa, akasema. Nikajaza fomu hivyo hivyo.

Jioni ya siku hiyo bibi mmoja alisimama mlangoni kwangu, viatu vimejaa vumbi, ameshika karatasi yenye namba yangu. Alikuwa mama wa mjane. Mwenye duka alikuwa amemsikia shemeji akirudia kwa simu, "Kitengela, nyuma ya soko la mbuzi," akaenda mwenyewe hadi nyumbani kwa bibi kumwambia na kumwandikia namba. Siku mbili bibi alijaribu kutupigia atuonye.

"Mwanangu, simu yako huwa haipumziki?" aliniuliza.

Nikamvutia kiti, nikaenda kumwita mjane.

Chini ya kanga yake alikuwa na hati ya shamba ndani ya karatasi ya nailoni. Tangu mazishi alikuwa ameificha kwenye debe la unga. Ijumaa nilifunga chumba, tukaenda sote Kajiado, ofisi ya ardhi, na mjane akaweka zuio shamba lisiuzwe.

Shemeji alifika Jumamosi. Wiki nzima nilikuwa nimemchukia, na sasa nikaona mtu mfupi, mchovu, amebeba gunia la maharagwe ya watoto. Mjane alimpa karatasi ya zuio. Akaisoma mara mbili.

"Nilishamwahidi yule mtu," akasema.

"Uliahidi kitu chako?"

Akaikunja ile karatasi. "Hapana."

"Basi shamba haliuzwi. Kama ni kulima, njoo tulime."

Bibi akammiminia chai. Akainywa akiangalia chini.

Mvua ilipokaribia, shemeji huyo huyo alirudi na pikapu kubeba cherehani na watoto. Sikujua nifurahi au niogope. Nilisaidia kufunga kamba. Gari likiwa tayari, mjane aliomba wangoje kidogo, akaingia kwangu, akamwandikia wakili barua fupi: anarudi nyumbani kwa hiari yake, wanaongea vizuri, na zuio lisiondolewe. Akaisoma tena neno kwa neno, akaituma, kisha akaenda kupanda gari.