Video ya Mate

Kazini walimwita Mama Pamba, kwa kuwa miaka ishirini na miwili alikuwa akisafisha picha za makumbusho kwa vijiti vilivyozungushiwa pamba. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Afisa habari alipoomba kumrekodi akiwa kazini, alikubali ili aachwe aendelee.

Video ilikuwa ya dakika moja. Mama Pamba analowesha pamba kwa mate yake, anaipitisha taratibu juu ya shavu la mzee aliyechorwa kwa rangi ya mafuta, na uchafu wa miaka sitini unatoka. Kwa wenye kazi hiyo, mate ni kifaa kama vingine. Kwa watu wa mtandaoni ilikuwa kioja, wakarushiana simu hadi simu.

Wiki ya tatu akaja fundi cherehani mmoja, mtu mzima, amebeba picha iliyofungwa kwa shuka.

"Dada, ndiye wewe wa mate?"

"Ndiye mimi. Karibu."

Ilikuwa picha ya marehemu mama yake, iliyochorwa na baba yake. Jicho moja lilifutika nusu, shavu lilibaki kitambaa kitupu, na penye mdomo palikuwa na doa la kijivu.

"Ulitumia nini?"

"Nilianza na mate kama wewe. Yakanikaukia mdomoni. Nikachukua sabuni ya vyombo na sponji."

Mama Pamba hakumlaumu. Ukiona vyaelea vimeundwa, na video haikuonyesha siku nne ambazo yeye mwenyewe alijaribu pembeni mwa picha ya mzee kabla ya kugusa shavu. Jambo hilo lilimkaa rohoni, ingawa usoni halikuonekana.

"Rangi iliyotoka hairudi," alisema. "Naweza kuziba palipo wazi, nikiona ilivyokuwa. Una picha ya zamani ya kamera inayoionyesha?"

Fundi aliuliza kwenye kundi la familia. Zikaja picha kumi na moja, moja tu ikafaa: ya harusi, mchoro ukiwa ukutani. Jicho na shavu vilionekana vizuri. Mdomo ulizibwa na kichwa cha shemeji. Dada mkubwa akaandika kuwa mama alichorwa akitabasamu. Kitinda mimba akajibu, "Mama yupi huyo? Alikaza mdomo." Walibishana hadi shangazi akajitoa kwenye kundi.

Kazi ilichukua wiki sita. Jicho lilirudi, shavu likarudi. Penye mdomo alipaka rangi ya ngozi iliyotulia, bila mstari.

"Hukumaliza mdomo," fundi alisema alipokuja kuichukua.

"Sikuuona. Nikibuni, nitakuwa nimekuchorea mama yangu."

Fundi alicheka kidogo. "Wako alikuwa anacheka?"

"Mara mojamoja."

Aliifunga picha kwenye shuka, akashukuru, akaondoka.

Mama Pamba akaenda kuomba video iondolewe.

"Imetazamwa na watu laki tatu, mama," afisa habari alisema. "Hata tukiitoa, wengine wameshainakili."

Wakakubaliana kuweka maandishi chini yake: usijaribu nyumbani, pamoja na namba ya kuulizia.

Tangu hapo kila Jumatatu asubuhi anakuta ujumbe wa watu thelathini au zaidi, nusu yao wakiuliza kama limau linafaa. Anawajibu mmoja mmoja, kwa maneno yaleyale: "Usiguse. Nitumie picha kwanza."