Njia Inayozunguka Nyumba Isiyokuwepo

Moto wa vulkano uliposhuka Goma ulikula avenyu yetu yote. Tuliporudi tulikuta jiwe jeusi tupu. Ukuta hakuna, mlango hakuna, hujui umesimama jikoni kwako au chooni kwa jirani. Ikabidi kila mtu ashuhudiwe parseli yake, yaani kiwanja chake, na majirani wawili, wa kulia na wa kushoto. Wanakuja, wanaonyesha mlango wake ulipokuwa, na shefu wa kartye, mkubwa wa mtaa wetu, anapaka rangi juu ya jiwe kuonyesha mpaka.

Mimi niliuza makala ya kupikia pale miaka mingi. Jirani yangu alikuwa mama mmoja mjane, mzaliwa wa Kalengera, mwenye kuongea Kinyarwanda nyumbani kwake. Na huko kwao Rutshuru waasi, waliosemwa ni wa lugha hiyo, walikuwa wameanza vita tena, kwa hiyo mjini mtu wa lugha ile akawa anatazamwa vibaya. Kwake rangi haikupakwa. Upande wake wa pili alikaa papa mmoja dereva, na kila akiitwa kushuhudia, ana safari.

Nilichukia sana. Tukaenda wanawake wachache kumwomba shefu aweke sheria: katika kartye yetu mtu asinyimwe parseli, wala maji, wala nyumba ya kupanga kwa sababu ya kabila au lugha yake. Akasema, "Leteni watu, nione kama wanaitaka."

Basi nikazunguka kote majirani walikokuwa wamejibanza. Nilibembeleza, niligombana, muzee mmoja nilimwambia akifa sikanyagi matanga yake. Wote walinijibu, ndiyo mama, tutakuja.

Na kweli walikuja. Jumamosi, baada ya salongo ya kusafisha kartye, bado wameshika majembe na mafagio, walisimama juu ya jiwe, na shefu alipouliza nani anaitaka sheria hii, wote walinyoosha mikono. Hata papa dereva. Mjane alikuwa kando yangu, amevaa kikwembe chake cha kanisani. Nilimbana mkono kwa furaha.

Nikasema, "Shefu, sheria wameikubali. Tuanze na huyu mama." Nikaonyesha ukuta wake ulipopakana na wangu. Papa dereva akatazama viatu vyake.

"Sheria naikubali," akasema. "Lakini nyumba yake ilikuwa wapi, sikumbuki muzuri."

Shefu akawauliza wengine. Hakuna aliyekumbuka. Watu waliokula harusi ya binti yake mle ndani! Shefu akafunga kopo la rangi. "Mutu moja haitoshi, mama."

Wakaanza kurudi. Tangu zamani njia yetu ilikuwa inakunja kwenye pembe ya ukuta wa mjane, kwa sababu ukuta ule ulitokeza mbele. Sasa hapakuwa na cha kuzuia, ungeweza kukata moja kwa moja mpaka barabarani. Hakuna aliyekata. Walifika pale mmoja mmoja, wakakunja, wakazunguka ukuta usiokuwepo. Papa dereva naye alizunguka, koleo begani.

Nilimshika shefu mkono. "Angalia miguu yao." Aliangalia, tena vizuri sana. Halafu akasema anasubiriwa kwenye mkutano Himbi.

Mjane alikuwa ameona yote. Nilitaka alie, au atukane, nimsaidie kutukana. Alisema tu, "Kumbe wanaijua nyumba yangu." Sauti yake sijaisahau, na bado inaniuma.

Alikwenda kukaa kambini Kanyaruchinya, pamoja na waliokimbia vita Kalengera. Yeye, mkaaji wa Goma, mkimbizi ndani ya Goma. Si mbali. Ukiweka maharage jikoni, hayajaiva umeshafika kwake. Nikienda kumwona nampelekea makala kidogo, tunakaa mlangoni pa hema, na hakosi kuniuliza kama watu bado wanazunguka pale.

Namjibu ndiyo, wanazunguka. Si uongo. Ila sina moyo wa kumwambia kwamba mtu mwingine ameshajenga kwenye parseli yake, na ukuta wanaouzunguka sasa ni wa kweli.