Funda la Maji

Mpaka leo nikisikia mtu akisema eti mwanaume halii, damu hunichemka. Maneno hayo niliyasikia kwa nyapara wetu, kwenye kiwanda cha mkonge nje ya Voi, miaka ya sabini.

Mimi na mwenzangu, mtu wa mlimani Sagalla, kazi yetu ilikuwa kupanga majani ya mkonge kwenye mkanda unaoyapeleka mashineni. Siku moja mashine ikamkata mkono mfanyakazi aliyesimama mbele yetu. Mwenzangu ndiye aliyemvuta. Kesho yake nyapara alimrudisha palepale, mkanda ukiwa bado na maji tuliyouoshea damu.

Mashine ikiunguruma tu, mwenzangu anaushika mkono wake mwenyewe. Akaomba ahamishiwe nje, kwenye nyaya za kuanikia nyuzi. Nyapara akamfokea mbele yetu sote.

"Mkono umekatwa wa mwingine, wewe unalilia nini? Mwanaume halii. Ukitaka kulia vaa leso!"

Watu wakacheka. Walicheka kwa woga, najua, lakini walicheka. Tangu siku hiyo mwenzangu hakuweza kula wala kulala. Kazini akaacha kuja.

Mkewe ndiye aliyekuja, kwa miguu, amebeba kibuyu cha maji. Kwetu Wataita, mwenye hasira na mwenzake hupiga funda la maji, akayatema huku akisema kwamba hasira imemtoka moyoni. Desturi hiyo tunaiita kutasa. Wazee waliamini kwamba hasira isiyotemwa humtia ugonjwa yule aliyekasirikiwa. Nyapara alikuwa Mtaita kama sisi, alijua vizuri anachoombwa.

"Mzee, tema tu," yule mama alimwambia. "Halafu umpeleke kule kwa nyaya. Sina lingine."

"Hapa ni kazini, mama. Mambo ya kibuyu yapeleke huko mlimani."

Akakichukua kibuyu, akamwaga. Maji ya Sagalla, ambako mwanamke huamka na giza kuyatafuta, yeye akayamwaga vumbini na kwenda zake kunywa chai! Nilitaka kumrukia. Sikumrukia, nilikuwa na watoto wa kulisha.

Mwenzangu hakurudi. Nilipomtembelea nilimkuta amekaa nje ya nyumba yake, ameushika mkono, hanitambui. Kiwandani walishaweka mtu mwingine, na hakuna mkubwa hata mmoja aliyeuliza habari zake.

Miaka ikapita, nyapara akastaafu. Wakamchinjia mbuzi. Baada ya hotuba akasimama, mnyonge kidogo, akasema hataki kwenda nyumbani na hasira za watu mgongoni. Yeye yule yule aliyemwaga kibuyu akaagiza maji yaletwe kwenye kikombe cha ofisi, tuteme mmoja mmoja, tumalizane.

Wenzangu wakatema, wengine wakiona haya. Zamu yangu ilipofika nikapiga funda, nikamtazama machoni, nikameza.

"Hukutema," akasema.

Nikamrudishia kikombe.

"Anzia Sagalla," nikamwambia.