Kilo Tisini na Nne, Nyuma Kushoto

Watu wakikutana na mtu anayeogopa maji hutaka hadithi. Hutaka kusikia kwamba utotoni alitumbukia kisimani, au kaka yake alizama yeye akitazama. Mke wa fundi boti hakuwa na hadithi ya kuwapa. Kwao hakuzama hata kuku. Aliogopa maji kwa sababu ana akili timamu, ndivyo alivyojieleza, na kwa sababu maji hayana pa kukanyaga. Miaka kumi na minane alikaa kwenye karakana ya mumewe katika klabu ya boti kando ya ziwa, cherehani yake ikitazama mlango, akishona maturubai ya kufunikia boti na mito ya viti vyake. Hapakuwa na boti katika klabu ile isiyokuwa na uzi wake, na hapakuwa na hata moja aliyowahi kuipanda. Akipeleka mito gatini aliishia ubao wa mwisho, akaikabidhi kwa mikono iliyonyooka, mwili wote ukiwa umebaki nyuma.

Sasa ilikuwaje mwanamke huyo akajikuta ameketi kona ya nyuma kushoto ya boti, maji yakiwa shubiri moja chini ya kiwiko chake? Ni kazi ya mumewe, iliyokuwa inataka kuponyoka.

Boti yenyewe ilikuwa ya jeti. Haina propela inayozunguka nje. Hunyonya maji kupitia tumboni na kuyatema nyuma kwa nguvu. Mwenye klabu aliinunua kwa sababu hiyohiyo. Mtu anaweza kusimama juu ya ubao hatua chache nyuma yake, akaachia kamba, akateleza kwenye wimbi la boti bila kuhofia miguu yake. Ila boti ile ilikuwa nyepesi na yenye haraka, ilipita juu ya maji bila kuyaudhi, na wimbi lake lisingemwinua hata bata. Mwenye klabu akasema Jumamosi anakuja na wageni. Wakimwona mtu anateleza bila kamba, vizuri. Wasipomwona, boti inauzwa na karakana anapewa fundi mwingine anayejua mambo ya kisasa.

Fundi si mtu wa kulialia. Alichukua penseli. Dawa ya wimbi ni uzito: boti ikilalia nyuma, upande mmoja, ikaenda polepole, kilomita kumi na saba kwa saa na si zaidi, huyachimba maji nayo yakapanda nyuma yake. Alifunga madumu manane ya maji chini ya viti. Alibana kibao cha plastiki ubavuni, upande wa kulia, ili maji ya upande ule yachelewe kukutana na ya kushoto. Wimbi likapanda, lakini lilikuwa limechanika kileleni, povu tupu. Zilibaki kilo kama tisini, zikae kona ya nyuma kushoto kabisa, tena ziwe kilo za kusogea shubiri mbele na shubiri nyuma mpaka wimbi litulie. Dumu huliambii lisogee.

Jumanne, wakati wa chakula cha mchana, fundi alimtazama mkewe mpaka chakula kikapoa.

"Usinitazame hivyo," mkewe akasema. "Hivyo ndivyo mimi ninavyolitazama turubai kabla ya kulikata."

"Hivi siku hizi una kilo ngapi, mama watoto?"

"Za kukutosha."

Zilikuwa tisini na nne. Mizani ya karakana haikuwa na adabu. Pale klabuni hapakuwa na mwingine wa uzito huo asiyekuwa mgeni wa kulipa. Karani wa mlangoni alikuwa na hamsini na tano, tena akiwa amelowa. Mama akafikiri usiku na asubuhi akakubali. Sisemi alipata ujasiri. Alikuwa na hofu mbili, ya ziwa na ya kukosa karakana, na ile ya karakana ikazidi kidogo. Kidogo tu.

Nahodha wa boti alikuwa mdogo wake fundi, mtu wa maneno mengi. Jumatano alimpokea gatini kwa kicheko. "Karibu shemeji! Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga."

"Mimi sijavua hata kiatu," akajibu, na kweli alipanda na viatu vyake, amevaa jaketi la kuokolea ambalo mikanda yake aliishona mwenyewe mwaka juzi. Aliikagua mishono ile kana kwamba imeshonwa na adui.

Alipoketi, kona ilishuka. Aliisikia ikishuka. Akashika mshikio wa chuma kwa mikono miwili. Boti ikaondoka, ikalala upande wake, na maji yakaja karibu mpaka akaona vijiti vidogo vinavyoelea na nzi aliyekufa. Nyuma yake ukuta wa maji ukainuka, wa kijani, mnene, ukawa unamfuata bila kumfikia. Alijaribu kuhesabu mishono ya mto alioukalia, akafika kumi na moja, akaanza upya, akafika tisa.

Fundi alisimama katikati ya boti akilitazama wimbi. "Sogea nyuma kidogo, mke wangu."

"Nyuma wapi? Nyuma kumeisha!"

Akasogea hata hivyo. Povu la kileleni likazama, wimbi likawa laini kutoka juu hadi chini, na binti yao, mwenye miaka ishirini na mbili, mwalimu wa ubao pale klabuni, akaitupa kamba, akateleza peke yake huku akipiga vigelegele. Mama yake hakumwona. Alikuwa amefumba macho.

Walipofika nchi kavu alitapika. Vijana wa klabu wakambandika jina la Shehena, naye akalipokea, maana lilikuwa la kweli. Mchana ule hakuweza kutunga uzi kwenye sindano.

Alhamisi hofu ilikuwa kubwa zaidi, kwa kuwa sasa alijua anachokiendea. Kabla ya kuondoka, fundi alimrudia nahodha kwa mara ya nne. "Ukiwa na uzito wote huu nyuma, usiachie mafuta kwa mara moja. Boti ikisimama, wimbi lake halisimami. Linakuja kutukuta mgongoni. Binti akianguka, punguza taratibu, zunguka ukiwa bado unakwenda."

"Kaka, nimeelewa. Utafikiri nimeanza kuendesha leo."

Kwa robo saa mambo yalikwenda sawa. Kisha ubao ukaruka, ukamgonga binti usoni, akaenda chini kichwa mbele. Mama ndiye aliyekuwa ameelekea nyuma siku hiyo, na ndiye aliyeona. Akapiga ukelele. Nahodha alikuwa amemsikia shemeji yake akinung'unika siku mbili, lakini ukelele wa namna ile hakuwahi kuusikia. Mkono wake ukaachia mafuta wenyewe, kwa mara moja.

Boti ikasimama. Wimbi likaja. Halikuja na kishindo. Lilipanda tu juu ya kona ya kushoto, likaingia, likamjaa mapajani. La pili likafika kiunoni. Maji yaliyokwisha kuingia mbele nayo yakateremka kwenda penye bonde, na bonde lilikuwa yeye. Pampu ilikuwa inakoroma chini ya sakafu, inatoa kikombe huku inaingia ndoo.

"Shemeji, njoo mbele!" nahodha akapiga kelele. "Hiyo kona inazama! Njoo mbele!"

Alisikia. Alielewa kila neno. Akaviamuru vidole vyake viachie chuma, kimoja kimoja, navyo vikakataa. Miguu ilikuwa haipo. Hofu ilikuwa imemshika kila mahali pa kushikika, hata ulimi, na alijua kabisa kwamba kinachoizamisha boti ni mwili wake uliokwama pale. Nyuma, hatua kama arobaini, aliona jaketi la rangi ya chungwa likielea. Klabuni kila anayeanguka huinua mkono juu kuonyesha kwamba yu mzima. Binti yake alikuwa hajainua mkono. Boti ikipinduka, hapakuwa na wa kumfuata.

Hapo fundi akaanza kuja kutoka katikati ya boti.

Alikuja akishika migongo ya viti, na kwa hatua yake ya kwanza maji yakamtoka mkewe kiunoni yakafika mbavuni. Mama aliuhisi uzito wake kabla hajamwona vizuri. Kwa siku mbili alikuwa amejifunza boti ile kwa makalio, na kama kuna mtu aliyejua kilo sabini na moja zinafanya nini zikisogea nyuma, ni yeye.

"Rudi!" Ulimi ulikuwa umefunguka.

"Nipe mkono."

"Rudi, baba watoto, unatuzamisha!"

Akapiga hatua ya pili. Hakuwa anatazama maji, wala madumu, wala kule binti alikokuwa. Alikuwa anamtazama yeye peke yake, na uso wake ulikuwa mtulivu kama wa mtu anayeingia chumbani kulala. Mama hakuwahi kuona ziwani kitu cha kutisha kama uso ule.

Vidole vikaachia. Alianguka kifudifudi sakafuni, akameza maji, akatambaa kwa magoti na viwiko, akampiga mumewe kwa kichwa kwenye mapaja na kumsukuma mbele kama mtu anayesukuma kabati. Wakaangukia wote miguuni pa nahodha. Kona ya nyuma ikainuka. Nahodha akakata kamba ya madumu mawili ya kushoto akayarusha nje, pampu ikaanza kushinda, na boti ikageuka, polepole safari hii.

Walipomfikia, binti alikuwa anakohoa, nyusi imepasuka, na hapo ndipo alipoinua mkono. Wakamvuta ndani. "Mama, uliona wimbi lilivyokuwa zuri leo?" akauliza, hajui lolote. Mama yake akamshika mkanda wa jaketi na hakuuachia mpaka gatini. Hata pale alichelewa kuuachia.

Saa kumi alasiri fundi na mkewe walikuwa karakanani. Binti alikwenda kushonwa nyusi, nahodha alikwenda kuficha aibu yake. Fundi alikuwa ameifungua pampu mezani, anaifuta kipande kwa kipande. Mkewe alikaa kwenye cherehani bila kushona, amevaa ovaroli la mumewe, nguo zake zikichuruzika dirishani.

"Kwa nini ulikuja?" akauliza.

"Ulikuwa umekwama."

"Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kilo tano zinabadilisha wimbi. Ukaja na sabini na moja."

Fundi akafuta kipande ambacho kilikuwa kimekwisha kukauka.

"Ulisahau," akasema mkewe. Alitaka iwe hivyo. Kila mtu husahau, na mtu aliyechanganyikiwa husahau hata jina lake, na jambo hilo lingekwisha pale pale wakanywa chai.

"Sikusahau. Nilikuwa nahesabu." Hakuinua macho. "Hatua ya tatu ingeipindua. Nilijua."

"Ulijua."

"Nilijua, mke wangu. Nikaona nikiwa na wewe, basi."

"Na mtoto kule majini?"

Pampu ilikuwa safi kabisa lakini fundi aliendelea kuifuta. Mkewe akamtazama mgongo wake, ule mgongo aliolala kando yake miaka yote hiyo, na baridi ikampita ambayo haikutokana na nguo mbichi. Alikuwa ameogopa ziwa maisha yake yote, na hakuwahi hata siku moja kufikiri kwamba anayepaswa kuogopwa ni huyu mpole anayempenda.

"Jumamosi nitakaa," akasema baadaye.

"Hakuna Jumamosi. Nampigia mwenye klabu sasa hivi, namwambia haiwezekani. Na karakana achukue."

"Nitakaa. Shemeji hatarudia kuachia mafuta hivyo, nimemwona uso. Na mimi sasa vidole vyangu vinajua njia. Lakini wewe utabaki nchi kavu."

"Nani atakuambia usogee?"

"Wimbi naliona mwenyewe." Akafunika cherehani. "Kwenye boti moja na wewe, mtoto akiwa majini, sipandi tena. Na gatini usitazame. Ukiiona imelala utajitosa, nakujua."

Jumamosi wageni walikuja na kofia zao. Boti ikatoka, ikalala kushoto, wimbi likainuka, na mama alikishika chuma kwa mikono miwili vilevile kama Jumatano, hofu haikupungua hata chembe. Fundi alikaa ubao wa mwisho wa gati, ziwa amelipa mgongo, kama alivyoagizwa, mikono ameibana katikati ya magoti. Mlinzi wa klabu alisimama mbele yake, akitazama majini kwa niaba yake.

"Amekaa?" fundi akauliza.

"Amekaa."

Wageni wakapiga makofi. Fundi hakugeuka.

"Bado amekaa?"

"Bado, fundi. Bado."