Uvimbe Ambao Dada Hakunionyesha

Katika watoto saba wa mama yetu, mwenye diploma ni mimi peke yangu. Sikusomeshwa na mjomba wala mfadhili. Nilisoma ugavi Dar es Salaam jioni, mchana nikiuza dukani kwa mtu, na niliporudi mkoani Mara baada ya miaka kumi na sita nilijenga Manyamanyama, Bunda, nyumba ya vyumba vinne na duka la vifaa vya ujenzi mbele yake. Nayasema haya kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa dada yangu angekuwa hai angekuwa ameshayasema kabla yangu.

Alinizidi miaka mitano. Aliishia darasa la saba, akaolewa hukohuko kwetu Butiama, akafuga. Ndiye aliyenifundisha kukamua. Kabla ya kugusa chuchu, ulipitisha viganja kwenye kiwele chote, polepole, ukitafuta joto au sehemu ngumu. Ukiigundua mapema, ng'ombe anapona. Nikiharakisha alinirudisha mwanzo.

Miaka saba iliyopita, nikioga nyumbani kwangu, mkono ulisimama wenyewe. Titi la kushoto, karibu na kwapa, palikuwa na kitu kama punje ya harage, kigumu, hakisogei. Hakikuuma hata kidogo, nikajipa moyo kwamba kisichouma si ugonjwa. Nikampigia dada. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniambia nichue kwa samli ya uvuguvugu asubuhi na jioni, kama tunavyofanyaga kwa ng'ombe, kitayeyuka. Nami, pamoja na diploma yangu ukutani, nilichua wiki tatu. Ningeendelea, isipokuwa asubuhi moja niliinua mkono mbele ya kioo nikaona ngozi imebonyea, kama imevutwa kutoka ndani.

Musoma walichukua kinyama wakakipima, wakaniandikia rufaa ya Mwanza. Huko titi likaondolewa, kisha zikafuata dawa za dripu. Dada aliacha ng'ombe wake akaja kuniuguza miezi mitano. Alilala kwenye godoro chini, kando ya kitanda changu. Nywele zangu ziliponyonyoka zote, alinyoa na zake, akasema sasa tumefanana, ila yeye ndiye mzuri. Siku za kliniki Musoma tulipitia soko la samaki la Mwigobero kununua sato, na akibishana bei aliwaambia wauzaji wasinidanganye, huyu mnayemwona amesoma. Nilijifanya naona aibu. Sikuwa naona aibu.

Nilipona. Na kwa kuwa sijawahi kufanya jambo nusunusu, nikawa mwalimu. Niliwafundisha akina mama wa jumuiya kanisani, niliwafundisha wateja waliokuja kununua misumari. Kila mwezi, siku chache baada ya hedhi. Aliyekoma hedhi achague tarehe yake. Simama mbele ya kioo, mikono chini, kisha juu. Halafu lala chali, tumia vidole vitatu vilivyonyooka, zungusha taratibu titi lote mpaka kwapani. Lijue titi lako likiwa zima, ili likibadilika ujue. Ukikuta jambo, nenda hospitali wiki hiyohiyo, na samli iache jikoni. Walinicheka, wakaniita mwalimu wa matiti, lakini walifanya.

Kasoro dada. Kila nilipomgusia alinikejeli.

"Mimi si ng'ombe, madam. Nimenyonyesha watoto sita, hakuna kilichobaki humu."

Siku moja nyumbani kwake nilinyoosha mkono nimwonyeshe. Aliusukuma kwa nguvu, kisha akanirekebisha kitenge begani kama vile alikuwa amekusudia hilo tangu mwanzo. Nilikasirika. Nilizoea kusikilizwa. Nilirudi Bunda, na kwa miezi mingi nilimpigia simu za salamu tu.

Mwaka juzi, wakati wa masika, alinipigia yeye. Aliniambia nije, nisije na mtu. Nilipofika alimtuma mkwewe kisimani, akafunga mlango wa jikoni, akafungua vifungo vya blauzi. Hapakuwa na haja ya kupapasa. Alikuwa amejifunga kitambaa, na kitambaa kilikuwa kimelowa.

"Tangu lini, dada?"

"Kabla ya lako."

Nilikaa kwenye kigoda. Ndipo nilipoelewa ule ukimya wake kwenye simu, na kwamba samli aliyoniambia nipake ndiyo aliyokuwa akipaka yeye. Nilimuuliza kwa nini hakusema, miezi mitano yote tukilala chumba kimoja.

"Ulikuwa unaumwa. Tungeumwa wote, nani angekupikia?"

Tulipita barabara ileile, Musoma kisha Mwanza, safari hii mimi nikiwa msindikizaji. Daktari aliongea nami pembeni, kwa upole, kwamba ugonjwa umeshasambaa. Wiki zake za mwisho nilikuwa namwogesha mwenyewe. Aliniachia mikono yangu ipite popote, na hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote, kwamba mwili alioninyima ukiwa bado unatibika alinipa wakati sina la kuufanyia isipokuwa kuusugua kwa sabuni. Siku moja aliniambia niwaonyeshe binti zake. Wao wangemwonea aibu, alisema, lakini mimi nimezoea kusema mbele za watu.

Alifariki kabla mahindi hayajakomaa.

Nina hamu naye mpaka leo. Natamani kejeli zake. Nimefungua duka la pili mwaka huu, na furaha yake imekuwa fupi, kwa sababu hakuna wa kunisifia ili mimi nikanushe.

Binti zake watatu walikuja kwangu mwezi uliopita. Nilijifungia nao chumbani, nikavua, nikawaonyesha kovu, kisha nikawaonyesha namna ya kujichunguza kwenye titi lililobaki. Wadogo walichekacheka. Mkubwa hakucheka. Ana vidole vya dada, vifupi, vipana. Alifumba macho akavipitisha taratibu kwenye titi lake mpaka kwapani, na alipomaliza upande mmoja hakusubiri nimwambie, akaanza wa pili. Ilibidi nitoke nje kidogo.