Verna Anajifunza Kuondoka

Verna Dombeck alikuwa na miaka sitini na mitatu, kazi ya upishi kwenye shule ya msingi pale Stevens Point, Wisconsin, na mbwa mmoja asiyetakiwa na mtu. Mbwa mwenyewe aliitwa Ponchki, jina la yale maandazi ya jemu ambayo Wapolandi wa huko hujishindilia kabla ya Kwaresima, na kwa kweli umbo lake lilikuwa la andazi: mfupi, mnene, wa rangi ya hudhurungi. Ndani ya nyumba alikuwa malaika. Kasoro yake ilikuwa moja tu, nayo ilitosha. Verna akitoka, Ponchki analia, na sisemi kilio cha kawaida. Analia mpaka watu wa mtaa wa pili wanazima mashine zao za kukata nyasi wasikilize nani kafa.

Sasa, tarehe ishirini Juni binti yake wa pekee, Colleen, alikuwa anaolewa huko Oregon. Safari ya siku tisa, na roho ya Verna ilikuwa juujuu, maana miaka miwili nyuma alishayakosa mahafali ya huyohuyo Colleen. Alikuwa kafika uwanja wa ndege, begi limeshapimwa, ndipo wakampigia simu kutoka kule alikomwacha mbwa: njoo umchukue, mlango kaumaliza na sasa anaanza ukuta. Verna akarudi. Colleen hakugomba. Watu wa Wisconsin hawagombi. Alisema tu, "Haina shida, Mama," na mtoto yeyote wa huko anajua kwamba "haina shida" ya sauti ile ni shida ya miaka kumi.

Safari hii Colleen alimwambia mapema, mwezi wa Aprili. "Kiti chako nakiweka mbele kabisa, Mama. Kikibaki kitupu, kila mtu atakiona."

Basi Verna akaanza kutafuta. Wa kwanza alikuwa bwana mmoja, Dwight, mwenye kibao kikubwa barabarani na vikombe vya ushindi ukuta mzima. Dwight alisema atamnyoosha Ponchki kwa siku tatu. Akatoa mkanda wa shingoni unaotoa umeme, na kidude cha kubonyeza mkononi, akaeleza kwamba ni mtekenyo tu, mbwa hata hasikii. Verna akamwomba amfunge yeye kwanza, mkononi. Dwight akacheka. Verna hakucheka. Ukafungwa mkanda, kikabonyezwa kidude, na Verna Dombeck, anayesimamia maua ya altare parokiani kwake, akatamka mbele ya wateja wawili neno la Kipolandi ambalo bibi yake aliwahi kuliungama kwa padri.

Aliposhusha pumzi akauliza, "Nimefanya kosa gani?"

"Hakuna kosa, mama. Ni mfano tu."

"Basi na yeye hana kosa," akasema, akavua mkanda, akakamata kamba ya mbwa wake.

Ungedhani aliondoka hapohapo kwa hasira. Wapi! Alisimama mlangoni dakika ishirini akimshukuru Dwight kwa muda wake, akimuuliza habari za nyonga ya mama yake, akisifia vikombe. Ponchki pembeni anatetemeka na kulia wakati wote huo. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Mahali pa pili palikuwa pazuri mno, kila kizimba na televisheni yake. Verna akauliza usiku analala nani na mbwa. Wakamwambia halali mtu, kuna kamera. Hapo akaaga kwa nusu saa.

Wa tatu alimsikia Ijumaa kwenye ukumbi wa kanisa, watu wakila samaki. Pa Nhia Thao, mama wa Kihmong, wale watu waliotoka milima ya Laos, wa miaka kama thelathini na minane, zamani mhudumu kwenye nyumba ya wazee, siku hizi anafundisha mbwa kwa subira na vipande vya kuku wa kuchemsha. Wageni anapokea wanne tu, hata ukilia hapokei wa tano, na wanalala nyumbani kwake kama watu wa nyumbani: wawili kwenye kochi, mmoja popote apendapo, pamoja na mbwa wake mwenyewe, mzee kiziwi aitwaye Askofu, jikoni karibu na sufuria ya umeme ya wali. Verna alikwenda amhoji, akajikuta anahojiwa yeye. Anakula nini huyu, analala wapi, anaogopa nini, kampoteza nani. Lile la mwisho Verna alilijibu akitazama dirishani.

Masharti ya Pa Nhia yalikuwa rahisi kuyasema. Mbwa aje kutembea mara tatu, halafu ashinde pale siku nzima bila Verna na bila kujiumiza. "Asipoweza simchukui, Mama Verna, na si kwa ubaya. Mbwa anayeteseka anateseka tu, hata kochi liwe laini vipi."

Siku ya kwanza mambo yalikwenda vizuri mpaka Verna akaanza kuvimba kichwa. Ponchki alinusa wenzake, akamsalimia Askofu kwa adabu, akala kuku, akalala chali katikati ya sebule. Saa moja nzima. Verna akaona mambo yamekwisha, Oregon hii hapa. Akajipiga magoti kwa viganja viwili, pa, kama wafanyavyo watu wa huko wakitaka kuaga, akasema, "Haya basi."

Lahaula. Ponchki aliruka kama kakanyagwa, akapiga yowe, akaning'inia kwenye pazia, pazia likaja na bomba lake, na katika kuhangaika akakojolea kiatu cha Pa Nhia. Verna alitamani sakafu ipasuke. Pa Nhia wala hakukitazama kiatu. Alisubiri mbwa atulie, akampa kuku, akamwambia Verna arudie kujipiga magoti. Pa. Yowe. Wakangoja tena. Akamwambia aguse funguo. Yowe dogo. Amwambie mbwa "kwaheri mwanangu, Mama anarudi." Yowe kubwa kuliko yote, na Askofu, ambaye hasikii kitu, akaamka.

Pa Nhia akamuuliza huwa anaagaje asubuhi. Verna akaeleza bila aibu, maana kwake huo ulikuwa uungwana. Kwanza anajipiga magoti, kama mtu yeyote. Kisha anasimama, anaongea kidogo. Anavaa koti, anaongea tena mlangoni. Anambusu Ponchki, anamweleza anakwenda wapi na watoto wa shule watakula nini leo. Anatoka, anarudi kumbusu tena. Anafika kwenye gari, anashusha kioo, anampungia dirishani, anapiga honi mara mbili. Dakika ishirini na tano hivi, siku akiwa na haraka.

Pa Nhia alijikaza asicheke, na mimi namsifu, maana mimi nisingeweza. "Mama, mbwa wako mzima kabisa. Shida ni kwaheri zako. Ukitoka kimya, yeye anaelewa kwamba unarudi. Ukimuaga kama unakwenda kuzikwa, anaelewa kwamba unakwenda kuzikwa."

Verna alichukia, tena alichukia hasa. Kuondoka bila kuaga ni tabia ya wezi. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo hakulisema pale. Mumewe, Ray, asubuhi moja ya Februari miaka minne iliyopita, alitoka kwenda kuvua samaki kwenye ziwa lililoganda, Verna akiwa bafuni. Hakugonga mlango, hakusema neno. Moyo wake ulisimama hukohuko juu ya barafu, kabla ya saa nne. Tangu siku hiyo Verna hatoki hata kwenda kununua maziwa bila kuaga kila chenye uhai, na ndani ya kifua chake Ray alikuwa na kesi ambayo haijafungwa.

Lakini kiti cha mbele kilikuwa kinamngoja. Akachukua mazoezi.

Mazoezi yenyewe yalikuwa kichekesho. Jipige magoti, kisha kaa palepale, mpe jibini. Shika funguo, nenda kakaange mayai. Vaa koti, angalia televisheni. Toka nje hatua tano, rudi, usimtazame, usimsemeshe. Mara arobaini kwa siku. Jumapili moja jirani yake, mzee Norbert, alimwona akienda kwenye sanduku la barua na kurudi, akienda na kurudi, mara thelathini na moja, na mzee wa watu akasogea kwenye uzio akamweleza kwa upole kabisa kwamba Jumapili barua haziji.

Tabia ikamwingia mwilini. Jumatatu, kazi ilipokwisha jikoni shuleni, Verna alitundika aproni, akachukua mkoba, akatoka. Basi. Hakujipiga magoti, hakusimama mlangoni. Wenzake wakatazamana. Jumanne akafanya vilevile. Kufikia Alhamisi alikuta mbele ya mlango wake mabakuli matatu ya tambi za kuku zilizookwa na jibini, chakula ambacho huko hupelekwa penye msiba, na kadi yenye sahihi ya mwalimu mkuu, kisha padri akapiga simu akiuliza kwa mzunguko kama kuna jambo linalomsumbua. Mmoja wa wapishi alikuwa kalia, akiamini Verna kamkasirikia kwa ajili ya sufuria iliyoungua mwaka juzi. Ikabidi Verna arudi jikoni kuwaomba radhi wote, jambo lililochukua saa moja na nusu pamoja na kuaga, na imani ya watu ikarejea.

Ponchki, kwa upande wake, alishajua kwamba pa ya magoti maana yake ni jibini. Ilifika mahali Verna akiua mbu mguuni mbwa anakuja mbio na kuketi, kifua mbele.

Mwanzoni mwa Juni ikaja siku ya mtihani. Pa Nhia aliwamwagia mbwa wote vipande vya kuku kwenye nyasi za uani wavitafute, na Verna akapita mlango wa mbele bila neno, akaenda kukaa maktaba saa sita nzima mbele ya kitabu kilichofunguliwa ukurasa uleule. Aliporudi hakuuliza. Aliogopa kuuliza. Pa Nhia akamwambia mwenyewe: kalia dakika nne, kapiga mzunguko mmoja wa nyumba, kashusha pumzi ndefu, kisha kaenda kulala mgongo kwa mgongo na Askofu. Saa saba mchana kaamka kudai wali.

"Nampokea," Pa Nhia akasema, na Verna akamkumbatia akamnyanyua kutoka sakafuni, mwanamke ambaye miaka arobaini amebeba masufuria ya supu ya watoto mia tatu.

Likabaki jambo moja. Pa Nhia alikuwa kamwagiza alete nguo ya kulalia aliyoivaa, isiyofuliwa, ili mbwa alale na harufu yake. Verna akaleta gauni limefuliwa, limepigwa pasi, limekunjwa kwa karatasi. Hakuna mwanamke wa mtaa ule ambaye angepeleka nguo chafu kwenye nyumba ya watu. Pa Nhia akanusa, akalirudisha. "Hii ni sabuni, Mama. Atamkumbuka nani huyu, sabuni?" Ikabidi Verna alale nalo siku tatu nyingine, na siku ya safari akalileta ndani ya mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine, uso umemwiva.

Asubuhi hiyo ya kumi na sita Juni ilikuwa ya jua na upepo. Pa Nhia akamwaga kuku uani. Ponchki akaingiza pua kwenye nyasi, mkia juu. Verna alimtazama mgongo wake mpana kwa muda wa kuhesabu moja hadi tatu, kisha akageuka. Alipita sebuleni, akapita viatu, akafunga mlango taratibu, akaingia kwenye gari. Hakushusha kioo. Hakupiga honi.

Alikuwa kwenye kona ya pili, anasubiri taa, masikio yote nyuma akitafuta kilio, na kilio hakuna, ndipo jambo lile lilipomjia. Ray hakuaga kwa sababu alikuwa anarudi. Alikuwa anarudi kula mchana. Alimsikia mkewe yuko bafuni, akaona amwache aoge kwa raha, akachukua ndoano zake akaenda, kama mtu anayekwenda kwenye sanduku la barua. Miaka minne Verna alidhani amenyimwa neno, kumbe Ray hakuona haja ya neno. Taa ikawa kijani na Verna hakuiona. Alikuwa anacheka na machozi yanamtiririka mpaka shingoni, na dereva wa nyuma, Mwenyezi Mungu ambariki, akangoja taa mbili nzima bila kupiga honi.

Kiti cha mbele kilikaliwa. Kilikaliwa na mwanamke aliyevaa gauni la bluu, aliyelia kwenye kiapo, akacheza polka na kila mkwe mpaka akapoteza kiatu, na ambaye kati ya nyimbo alikuwa akiwaonyesha watu wasiomfahamu picha ya mbwa mnene aliyelala kifudifudi juu ya gauni la kulalia.

Siku ya kuondoka Colleen alikuwa kajiandaa. Aliomba ruhusa ya nusu siku kazini, akaweka leso mezani, akachemsha kahawa ya mlangoni na kahawa ya baada ya mlangoni. Teksi ikafika. Verna akamkumbatia mara moja, kwa nguvu, akasema, "Nakuja Novemba," akabeba begi lake, akashuka ngazi, akapanda.

Simu ikalia kabla teksi haijafika mwisho wa mtaa.

"Mama," sauti ya Colleen ilikuwa ndogo, kama ya mtoto wa miaka sita, "nimekukosea nini?"

Verna alicheka mpaka dereva akamtazama kwenye kioo. "Hujanikosea kitu, mwanangu. Narudi. Mtu anayerudi huwa anaondoka hivi, hata baba yako aliondoka hivi."

Upande wa pili Colleen akaanza kulia, kisha naye akaanza kucheka, na kutoka hapo wakaongea njia nzima mpaka uwanja wa ndege, dakika arobaini na mbili, wakiagana.