Maiti Aliyevuta Mkono

Kwa hesabu yake mwenyewe, Cyril Tugwell aliuawa mara mia moja na kumi na mbili. Alipigwa risasi benki, akatiliwa sumu kwenye majumba ya matajiri, akanyongwa kwa soksi, na mara mbili aliliwa na buibui wa mpira. Kila alipomaliza kufa alisimama, akajipangusa suruali, akapanda basi kurudi kwake Acton, mtaa wa watu wa kawaida magharibi ya London. Hakuwa mwigizaji, ungemwita hivyo mbele ya waigizaji wenyewe, wangekunja pua. Alikuwa mtu wa kujaza nafasi, yule anayepita nyuma ya wengine, anayesimama kwenye foleni, anayelala chini na kisu mgongoni. Chama cha waigizaji kilikataza watu wa aina yake kutamka neno lolote mbele ya kamera, hata "samahani".

Mimi nilikuwa fundi wa mavazi pale studio, na ndimi niliyemvisha vifo vyake vingi. Nakiri alikuwa hodari. Alijifundisha kupumua kwa tumbo, tena kwa ule upande usiotazamwa na kamera, na jicho lake lingeweza kukaa wazi hadi nzi akapumzika pembeni. Waongozaji walikuwa wakisema, "Nileteeni Tugwell," na yeye akisikia hivyo alitembea kama askofu. Kiburi alikuwa nacho, tena cha kuchosha. Asubuhi nikimfunga vifungo alikuwa akiwachambua maiti wenzake mmoja mmoja.

"Umemwona yule wa Alhamisi, Olwen? Amekufa kama mtu anayesubiri basi."

"Mimi nilidhani kafa vizuri tu."

"Wewe ni mtu wa vifungo, mama. Huwezi kujua."

Mwaka wa sabini na tano tulikuwa tukirekodi Peregrini, kile kipindi cha Jumamosi jioni kuhusu meli ya anga za juu iliyopotea njia. Kuta za meli zilikuwa trei za mayai zilizopakwa rangi ya fedha, na nusu ya mitambo yake ilitoka kwenye mashine mbovu ya kufulia. Novemba hiyo mwandishi alileta hadithi ya mauaji. Fundi wa injini anakutwa amekufa, kisha mpishi naye, muuaji ni mmoja wa watu saba waliomo melini, na hakuna pa kukimbilia maana nje ni nyota tupu. Kapteni lazima ampate. Fundi marehemu alikuwa, bila shaka, Cyril.

Kapteni aliigizwa na Desmond Farraday, mwanaume mzuri wa uso, mwenye sauti nzito, ila kimo Mungu alimpunja. Aliniomba kwa siri nimwongezee soli kwenye buti zake, nami nikamwongezea inchi tatu nzima za mpira. Alizipenda mno. Shida ya soli nene kama zile ni kwamba mtu hajui anakanyaga nini, na hilo mimi sikulifikiria.

Jumatatu tulirekodi chumba cha injini. Kapteni aliinama juu ya maiti, akasimama, akahutubia wenzake dakika mbili kuhusu wivu na tamaa za wanadamu. Hakuna aliyeona kasoro. Mchana mafundi wa mbao walikivunja chumba cha injini, maana ukumbi ule ulitakiwa na kipindi cha mapishi, na trei za mayai zikaenda jalalani.

Jumanne asubuhi mwongozaji wetu, Godfrey Pym, akaitazama kanda. Dakika ya pili ya ile hotuba, mkono wa maiti ulijivuta. Si kutetemeka, kujivuta, kama mkono wa mtu aliyeungua na sufuria.

Alimfuata Cyril mkahawani, mbele ya watu wote na chai zao.

"Tugwell, umesogea."

Cyril aliweka kikombe chini. "Ndiyo, bwana Pym."

"Miaka yote hii hujawahi kusogea, unakuja kusogea siku ambayo chumba kimeshavunjwa. Ningeweza kumlaza pale mtu mwingine yeyote, mwenye nusu tu ya majivuno yako."

Mafundi umeme wakacheka. Mmoja akauliza kama ufufuko siku hizi unafanyika Jumatatu. Masikio ya Cyril yalikuwa mekundu. Nilipokwenda kumvisha, nikaushika mkono wake wa kulia na kuona vidole vinne vimevimba, na juu yake michirizi ya buluu. Michirizi ile naijua. Ni ya mpira nilioukata mimi mwenyewe.

"Desmond kakukanyaga."

"Hotuba nzima."

"Basi mwambie Godfrey. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi."

"Usithubutu. Maiti halalamiki, Olwen. Akianza kulalamika, ni maiti gani huyo?"

Nilikasirika naye, na nikajikasirikia zaidi mimi. Lakini mkono ulikuwa wake, nikanyamaza.

Chumba kimekwisha, pesa za kukijenga upya hazipo, na kipindi kinaonyeshwa Jumamosi. Ndipo mwandishi, aliyekuwa hajanyoa tangu Ijumaa, akapata wazo. Ikiwa mtu kasogea, hakufa. Ikiwa hakufa, alijifanya amekufa. Na mtu anayejifanya amekufa kwenye meli yenye mauaji, ana sababu. Kufika saa nne muuaji alikuwa si daktari wa meli tena, alikuwa Cyril. Mama aliyeigiza daktari alinuna hadi jioni, kwa kuwa alikuwa ameshafanya mazoezi ya kucheka kwa ukatili.

Mtu wa chama aliitwa, akaja na mkoba wake, akabishana na Godfrey saa nzima, kisha akaruhusu sentensi moja. Sentensi yenyewe ilikuwa "Ni mimi, Kapteni."

Mtu mwingine angeruka kwa furaha. Cyril alimfuata Godfrey hadi mlangoni, kofia mkononi.

"Bwana Pym, naomba uniue kweli. Hata kwa sekunde moja mwishoni."

"Cyril, mzee wangu, nusu ya nchi itasikia sauti yako."

"Ndiyo. Halafu nani atanilaza tena? Kila nitakapolala sakafuni, watu watakaa wakisubiri niamke. Nitakuwa sina kazi."

"Utapata kazi ya kusema."

"Sijui kusema. Najua kufa."

Godfrey alimpigapiga bega, akaenda zake. Sikupenda lile bega kupigwapigwa.

Tulibakiwa na onyesho la mwisho, chumba cha wagonjwa, na saa kumi na mbili kamili mafundi umeme wangezima taa waende kula. Mafundi wale hata malkia asingewachelewesha mlo wao. Ikabaki dakika tano. Maana yake kurekodi mara moja tu, hakuna kurudia.

Cyril alikuwa amelala juu ya machela, shuka hadi shingoni. Aliinuka taratibu, nami nasema bila kumpendelea, mgongo ulinisisimka. Akamtazama Desmond.

"Ni mimi, Kapteni."

Hapo kazi yake ilikuwa imekwisha. Desmond akatunisha kifua, akatoa sentensi yake ya kufungia.

"Nilijua. Nilijua tangu nilipoinama juu yako."

Cyril alipaswa kuinamisha kichwa na kukamatwa. Hakuinamisha.

"Hukujua," alisema, kwa sauti ya Acton isiyo na mapambo. "Ulinikanyaga vidole dakika mbili nzima ukihutubia watu, na hukutazama chini hata mara moja."

Yule wa chama alikuwa anahesabu maneno kwa vidole. Desmond akatazama buti zake, kisha mkono wa Cyril, na uso wake ukaiva kwa aibu ya kweli, kitu ambacho hakuwahi kukifanya mbele ya kamera kwa misimu mitatu. Taa zikazimwa.

Kwa hiyo ndivyo ilivyoonyeshwa. Jumamosi Cyril alinialika kwake, na mkewe, Mavis, alituwekea maharage juu ya mkate wa kuchoma, akaketi katikati yetu mbele ya televisheni. Cyril alipoinuka kwenye machela, Mavis alinishika mkono kwa nguvu hadi ukauma.

Kipindi kilipokwisha, Cyril alizima televisheni akabaki amesimama pale.

"Basi. Bwana Pym kashampa kijana mmoja wa Ealing maiti ya wiki ijayo. Kanieleza kwa upole. Ndiyo mwisho wangu."

Nilimwonea huruma hasa. Nilikuwa natafuta la kusema, Mavis akanitangulia.

"Vizuri."

"Mavis, nilikuwa bora kuliko wote."

"Najua. Miaka kumi na tisa, kila wewe ukionekana mimi nakwenda kuosha vyombo. Unafikiri tuna vyombo vingi kiasi hicho?"

"Nilidhani hupendi vipindi vyenyewe."

"Sipendi kukuona umekufa, Cyril. Nilijaribu mara moja, ile ya benki. Sikulala siku mbili. Leo nimekaa kwa sababu uliniambia utaamka."

Cyril alikaa. Aliutazama mkono wake uliovimba, na mimi nikajifanya natafuta chumvi.

"Siku mbili?" aliuliza mwishowe.

"Siku mbili."

"Ile ya benki haikuwa hata nzuri sana."

Mavis alifuta macho kwa ncha ya aproni, akamwambia ale maharage yake kabla hayajapoa.